Siku ya ngurario yangu server ilikufa Kerugoya, simu ikaita kwa wakwe

Wakuu, salamu kwenu nyote humu.

Nimeona vijana wanabishana kama kuna haja ya kuandika scripts za kupanga server, nikaona niwape yaliyonipata. Sitaongeza chumvi, maana mke wangu amekaa hapa pembeni na anasoma kabla sijapost.

Ni mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wa kompyuta wa vyuo vitatu vya ufundi vya mwenye mmoja: Nyeri mjini, Kerugoya na Kiriaini.

Kila chuo kilikuwa na server moja ya Linux, ile kompyuta kuu inayohudumia zingine, na zote nilizipanga kwa mkono. Users, printer, folda za walimu, nani afungue nini. Sikuwa nimeandika popote. Yote yalikuwa kichwani mwangu, na kusema kweli nilikuwa naringa. Bila mimi hawaendi mahali.

Sasa, Kerugoya kulikuwa na sekretari, Mama Ndirangu. Mama msafi ajabu. Alifuma kitambaa cheupe cha crochet akaifunika server mpaka chini, isipate vumbi. Mliokuwa maofisini miaka ile mnajua, hata simu ilikuwa na kitambaa chake.

Server ikakosa hewa, ikachemka, disk ikaenda.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Kesho yake ndiyo ilikuwa ngurario yangu, nyumbani kwa kina mchumba wangu Wairimu, karibu na Kiriaini. Kwa wasiojua, ngurario ndiyo ndoa yenyewe kwetu Wagikuyu. Bwana harusi anakata nyama ya mbuzi mbele ya wakwe. Asipokuwepo, hakuna ndoa.

Sikuwepo.

Mitihani ilikuwa inaanza Jumatatu, na mwenye vyuo alisema nisitoke Kerugoya mpaka server isimame. Wazee wangu wakaenda kuniombea msamaha. Baba yake Wairimu, mwalimu mkuu mstaafu, aliwajibu kwa upole kwamba atapanga siku nyingine moja. Moja tu.

Jumamosi hiyo nikiwa nachapa amri kwa hasira, Mama Ndirangu aliniletea chai. Alijua kosa ni la kitambaa chake. Akasimama nyuma yangu, akitazama.

"Kariuki, hii maneno si ndiyo uliandika ile siku ulileta hii mashine?"

"Ndiyo, Mama."

"Na Nyeri uliandika hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Ati? Mimi nikitaka barua mia moja sichapi mara mia. Nakata stencil moja, mashine inazungusha. Kwani wewe hauna stencil?"

Stencil ni ile karatasi ya nta. Unachapa mara moja, mashine inatoa nakala mpaka uchoke.

Wakuu, niliona aibu. Mimi ndiye niliyesomea kompyuta.

Wiki zilizofuata niliandika kila hatua kwenye script moja, yaani faili la amri ambalo mashine inalifuata yenyewe, nikaiita stencil. Nikaitia kwenye disketi, na kila chuo nikakiwekea mashine ya akiba yenye Linux, pamoja na tepu za kunakili kazi kila jioni. Niliogopa kidogo, siwafichi. Mashine ikijipanga yenyewe, mimi nitaitwa kufanya nini?

Ile siku nyingine ya ngurario ikafika. Nimevaa suti, mbuzi ameiva, wazee wameketi. Simu ya sebuleni ikaita. Baba mkwe akaenda kupokea, akarudi taratibu.

"Kijana, kuna mwanamke anakutafuta. Anasema ni haraka."

Shangazi zake Wairimu walinitazama hivi, sitasahau.

Alikuwa Mama Ndirangu, nilikuwa nimemwachia namba ya hapo. Stima ilikuwa imepotea ikarudi na nguvu, server haiwaki, na Jumatatu wanafunzi wapya wanaandikishwa. Nikamwona Wairimu mlangoni, ameshajua ni Kerugoya.

"Mama, hamisha waya kwa ile mashine ya akiba," nikasema, kila mtu akisikia. "Weka tepu ya jana. Ingiza disketi. Andika stencil, ubonyeze Enter."

"Niko na disketi hapa. Hata kitambaa nimetoa."

Nikangoja.

"Kariuki! Inaandika yenyewe! Ngai, inaandika yenyewe!"

Nilishikilia ile simu mpaka akaniambia majina ya walimu yote yamerudi na printer imetoa karatasi. Kisha akasema, "Sasa rudi kwa mbuzi yako."

Baba mkwe alikuwa bado amesimama kando yangu.

"Umemaliza kazi ya Kerugoya ukiwa hapa?"

"Ndiyo, Mzee."

Akachukua kisu mezani, akanipa.

Mama Ndirangu alistaafu kitambo. Zawadi yake ya harusi ilikuwa vitambaa sita vya crochet, na vimo sebuleni kwetu hadi leo, mbali na kompyuta yoyote. Ninamshukuru sana. Hakuwahi kujua Linux ni nini, lakini ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyeniozesha.

Nilichojifunza ni kwamba kazi unayoijua peke yako imekufunga wewe kwanza. Iandike mara moja, mwingine aweze kuibonyeza. Na sikufukuzwa, wakuu. Nilipewa vyuo vingine viwili.

Siku hizi nikikuta kijana anajisifu kwamba server ya kwao anaijua yeye tu, huwa namuuliza kama ameoa.

Na nyie, nani aliwakatia stencil yenu ya kwanza? Semeni hapa chini, Wairimu anasoma comments zote.