Nilivyokuta "hirizi" ndani ya pinball ya marehemu, Nyarugusu

Wakuu, mwangaluka. Mnaonijua mtasema naanza chumvi zangu, ila hii nimeipunguza ili iaminike.

Mimi fundi redio hapa Nyarugusu, umeme nimeusomea masomo ya jioni. Mama Neema, mwenye mgahawa karibu na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, akaniita. Marehemu mumewe alimwachia pinball ya kizamani, ile meza ya kioo unarusha gololi ya chuma, inagonga kengele.

"Fundi, nataka niisikie tena. Ila ukiiunguza, usipite hapa hata kwa chai."

Nikafungua. Nyaya nyingi kuliko za mkoa mzima wa Geita! Jasho likanitoka hadi ndala zikateleza. Nikafunga. Nikafungua. Nikaomba maji.

Nikaunga zilizoliwa na panya, kidogo kidogo. Gololi haikuwepo, jamaa wa karasha wakanipa ya beringi kubwa.

Nikawasha, taa zote! Nikarusha gololi... giza. Kwenye kioo limebaki neno moja: TILT.

Nikajua nimeua. Kupima fyuzi, nzima. Nawasha, TILT tena. Hapo wakuu hata jina langu ningeulizwa ningekosea.

Kuchungulia ndani, kuna kichuma kinaning'inia kwenye waya, katikati ya pete ya shaba. Wachimbaji waliokuwa wanakula wakaacha sahani.

"Hirizi ya mzee hiyo! Usiiguse, ng'wanawane!"

"Mume wangu hakuwa na mambo hayo," akasema Mama Neema. Ila naye alirudi nyuma.

Miguu ilitaka kwenda Runzewe bila mimi. Nikabaki nakodoa macho. Sasa mbona kimelalia upande, kimegusa pete?

Si timazi hii, kama ya waashi! Kumbe kazi yake ni kukamata anayetikisa au kuinamisha meza: ikigusa pete, mchezo unakatika na kioo kinaandika TILT, yaani imeinama. Na sakafu ya Mama Neema imeinama kuelekea jikoni!

Nikakata ndala yangu, nikaisokomeza chini ya mguu wa meza. Kengele ikalia, nadhani Tinde walisikia.

Mama Neema akashika mwenyewe. Gololi inataka kudondoka, akaisukuma meza kwa nyonga. TILT. Giza.

Nikaanza kukusanya bisibisi zangu. Yeye akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

"Hata marehemu ilikuwa inamfanyia hivi hivi."

Funzo: kabla hujasema kimeungua au kimelogwa, angalia kimesimamaje. Mpaka leo sijui niliogopa umeme, hirizi au Mama Neema.

Nyie mmewahi kukuta nini ndani ya mashine mkataka kukimbia? Shusheni hapa, nasoma zote, mguu mmoja peku.