Wiski ya Kumpelekea Kaka

Mimi si mnywaji, na nikisikia watu wakibishana kuhusu wiski naona wanapoteza muda. Lakini Jumamosi moja ya Juni nilikaa barazani kwa mwenzangu wa ofisini, hapa Bariadi, na chupa mbili mbele yetu, moja ya Uskochi na moja ya Ayalandi, nikionja kwa makini kuliko nilivyowahi kufanya mtihani wowote. Nilikuwa natafuta ya kumpelekea kaka yangu kijijini kwetu Nkoma, na nilitaka iwe ile inayostahili hela yake.

Kaka na mimi tulikuwa hatujakaa pamoja miaka sita. Binti yake alikuwa akiishi kwangu ili asome sekondari ya mjini. Siku moja alirudi kutoka shuleni, akala chakula cha mchana, tumbo likamkamata, na kesho yake hospitali wakatukabidhi mwili. Madaktari walisema utumbo ulijisokota. Huko kijijini watu walisema ni kile alichokula kwangu. Kaka mwenyewe hakusema kitu, aliacha tu kuja, na nikipiga simu anapokea shemeji. Bora angenitukana.

Mwaka huu ndipo shemeji aliponipigia, akasema mzee amelainika, niende. Niliweka simu chini nikalia kama mtoto, halafu nikaanza kuwaza nitakwenda na nini mkononi. Kaka alipokuwa kijana alitunza stoo ya vinywaji kwenye hoteli moja Mwanza, akajifunza wiski huko, na mpaka leo bia anaiita maji ya kunawia. Mtu wa namna hiyo humpelekei chochote tu.

Mwenzangu ni mtu wa Iringa, aliletwa huku kwa uhamisho, na mambo hayo anayajua. Alinishauri ninunue zote mbili, tuonje, na ile itakayoshindwa ataichukua yeye kwa bei ya dukani. Tulitumia glasi za chai. Ile ya Ayalandi ilikuwa na ujazo mkubwa zaidi kwa bei ileile, na ilishuka kwa upole, na utamu kidogo kama wa asali. Niliipenda. Nilikuwa tayari kusimama niondoke nayo. Ile ya Uskochi ilinipiga puani kwa moshi, nikakohoa, mwenzangu akacheka. Akaniambia niongeze maji kidogo, halafu ninyamaze, nisubiri. Kweli, ile ya Ayalandi ilikuwa imekwisha mdomoni kabla hatujamaliza kuzungumzia likizo, na hii ya moshi ilikuwa bado ipo, inageuka, inaacha kitu kama chumvi. Hesabu ya mwenzangu ilikuwa kwamba chupa ambayo funda moja linakutosha robo saa ndiyo rahisi, hata kama ni ndogo. Kaka anakunywa polepole. Nikachagua ya Uskochi, nikakaza kizibo, nikaifunga kwenye gazeti. Ilikuwa imepungua vidole viwili. Mwenzangu alisema si kitu, ndugu yako atafurahi kwamba umemwonjea.

Yeye alikuwa mgeni, ana udhuru. Mimi nimezaliwa huko. Kwetu anayekupa kinywaji anakifungua mbele ya macho yako, anakionja yeye kwanza uone hakina sumu, ndipo anakupa. Hata mwenye pombe ya mtama anafanya hivyo, hata kwa jirani wa kila siku. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijajua kusoma, na ofisi na mji vilikuwa vimenisahaulisha kabisa. Nimejilaumu kwa mengi maishani, lakini kwa ujinga huu bado sijaacha.

Nilifika mchana. Pamba ilikuwa imeanikwa juu ya vichanja, na kaka alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ua wa minyaa, amezeeka kuliko nilivyotegemea. Akanisalimia kwa Kisukuma, mwadila, nikaitika, akanishika mkono na kuushikilia. Nilipompa chupa aliigeuza, akaisoma karatasi yake taratibu, na nikaona tabasamu linaanza. Halafu mkono wake ukapanda shingoni mwa chupa. Kizibo kilizunguka bila kutoa mlio.

Aliuliza nani amefungua. Nikaanza kueleza habari za moshi na asali, za ujazo na bei, za yule mwenzangu wa Iringa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. Shemeji akaleta vikombe bila kuambiwa. Nikamimina cha kwanza, nikanywa chote, tumbo tupu. Kaka aliniangalia nikimeza, na akaendelea kuniangalia nilipokwisha kumeza. Nilijua anachosubiri. Nikammiminia chake, akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya goti. Tukazungumza juu ya mvua, juu ya bei ya pamba, juu ya ng'ombe wawili waliokufa. Kikombe kilikaa palepale. Mwishowe akainama akakiweka chini, kwa uangalifu, kisimwagike.

"Nimekusamehe, mdogo wangu," alisema. "Nimekusamehe toka moyoni. Lakini hii siwezi kunywa."

Miaka sita nilikuwa najiambia kwamba maneno yale ni ya majirani, kwamba yeye ana huzuni tu na siku moja itapungua. Sasa alikuwa ananisamehe, na hakuna kitu kingine cha kunisamehe isipokuwa mtoto wake. Nilitaka kumwambia achukue msamaha wake, mimi sikufanya kitu, yule alikuwa mwanangu pia, nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Nikamtazama shemeji, amesimama mlangoni na sinia, ananisihi kwa macho ninyamaze. Alikuwa amehangaika miaka sita kunifikisha mbele ya kile kigoda. Na kaka alikuwa amenyoosha mkono, anangoja niushike.

Nikaushika. Nikasema asante, kaka.