Printa Chumbani kwa Baba Mkwe

Nakumbuka siku ile Festo, mume wangu, alipomaliza kuvuta waya kutoka sebuleni hadi chumbani kwa baba yake, nyumbani kwetu Kilosa, alivyojiona fundi wa mafundi. Ilikuwa miaka ya soko huria, mwanangu. Kompyuta za mitumba zilikuwa zimeanza kufika Morogoro, nasi tulipata mbili. Yangu ilikaa sebuleni, nikichapia watu kadi za harusi na ratiba za misiba. Ya baba mkwe ilikaa chumbani kwake pamoja na printa, kwa kuwa mzee aliogopa vumbi na wezi. Kwa waya ule, nikibonyeza huku, karatasi inatoka kule, mradi kompyuta ya mzee iwe inawaka.

Nikamwuliza Festo, "Sasa karatasi nitazichukuaje?" Kwetu mke wa mtoto haingii chumba anacholala baba mkwe. Hata kufagia nilikuwa sifagii.

Akacheka. "Si baba yupo? Atakuletea."

Nilikereka, nikarudi kwenye kazi yangu. Na kweli mzee alikuwa akiniletea, taratibu, huku akisoma kadi za watu njiani.

Kisha akafariki jirani yetu, mkata miwa wa mashamba ya Ruhembe aliyehamia Kilosa uzeeni. Asubuhi ya maziko mjane wake, Mama Anjelina, alikuja akakaa pembeni yangu, akawa anasimulia wasifu wa marehemu nami nachapa. Alitaka jambo moja tu: watu wasikie kanisani kwamba mumewe aliwasomesha wadogo zake wote kwa panga lile la miwa, maana wenyewe hawakuwahi kulisema. Tulipomaliza akatangulia kanisani, akamwacha kaka yake, Daudi, asubiri karatasi.

Nyumbani nilibaki peke yangu. Festo alikuwa Morogoro, mama mkwe yuko jikoni msibani, baba mkwe ameshakwenda kanisani na kompyuta yake ameiacha inawaka kama alivyoelekezwa. Nikabonyeza. Nikaisikia printa ikivuta karatasi hadi ya mwisho. Mara umeme ukakatika, na kioo changu kikawa cheusi. Wasifu ukabaki nyuma ya mlango ambao haukufungwa hata kwa ufunguo, umerudishiwa tu.

"Dada, ingia tu," Daudi akaniambia.

"Siingii."

"Basi mimi mgeni nitaingiaje chumba cha mzee wa watu?"

Akatoka mbio kumfuata baba mkwe kanisani. Mzee alikuwa amekaa mbele kabisa na wazee wenzake, na hadi apenyezewe habari, atoke, afike nyumbani na miguu yake ile, ibada ilikuwa imekwisha. Tulifika makaburini watu wakiweka mashada. Mama Anjelina alizipokea karatasi kwa mikono miwili, akazikunja, akazifutika kwenye kitenge. "Asante, mwanangu," akaniambia. Niliumia, sikufichi. Wale wadogo wa marehemu walikuwa wamesimama palepale, na hakuna aliyewasomea kitu.

Jioni Festo aliporudi, baba mkwe alimwita sebuleni mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Mkeo alikuuliza karatasi atazichukuaje. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia utamletea," Festo akasema.

"Basi printa hukumpa. Ulimpa kitufe cha kubonyeza. Njoo tubebe hii meza."

Wakaihamishia sebuleni, vumbi na wezi wakaachiwa Mungu.

Ninyi siku hizi mnachapa kwa simu bila waya, na mnaona mmeshirikiana printa. Sawa. Lakini, mwanangu, unapoweka kitu cha watu wote nyumbani, muulize kwanza yule asiyeweza kukifikia, iwe kwa heshima, kwa haya au kwa ugeni. Na akikuuliza swali, usimcheke, mjibu. Mume wangu alikuwa mtu mwema, na kicheko chake kile kilimzika mtu bila habari zake. Mungu akupe nyumba yenye watu wengi, akupe na sikio la kumsikia aliyeingia mwisho.