Siku Gaju Alipomkimbiza Adui wa Jibini

Mimi kwenye biashara sitaji bei kwanza. Namwacha mwenzangu ataje, halafu nashtuka, nashika kichwa, najifanya naondoka. Lakini leo nitataja, kwa sababu aibu yangu imekwisha kutembea kuliko mimi mwenyewe: ule mkasa ulinigharimu suti moja ya kuazima, shati langu jeupe la Misa, mbuzi mmoja wa kuombea radhi (alikataliwa, akarudi nyumbani na kamba yake shingoni) na labda, maana bado hatujui, mke.

Naitwa Kambale. Natokea upande wa Butembo, nina duka hapa Kibua: sabuni, misumari, chumvi, betri. Kila kitu nahesabu mara mbili, hata njiti za kiberiti, na watu wananicheka kwa hilo, lakini sijapotezaka hata msumari. Mchumba wangu ni Maombi wa Nyamitaba, ambaye nilimkuta sokoni akiuza maharagwe, akakataa kupunguza bei, nami nikajua huyu njo mke. Baba yake, Papa Maombi, ni mtu wa ng'ombe. Anaongea kidogo, anacheka kidogo zaidi.

Mahari tulipatana ng'ombe watatu. Wawili walikuwa wamekwisha kufika kwake. Wa tatu nilimnunua kwa mchungaji mmoja wa kilima kingine, jike la rangi ya kahawia, na alama nyeupe usoni kama mtu aliyemwagiwa unga, na pembe moja inayoangalia chini. Papa Maombi alikuja kumuona. Alimzunguka, akamshika kiwele, halafu akasema neno moja: "Gaju." Alikuwa amempa jina.

Hapo njo ulipo mzizi wa mambo, kwa hiyo munisikilize vizuri. Kwa ile familia, ng'ombe wa mahari akishapewa jina na baba wa msichana, amekwisha kuwa wake, hata kama bado anakula majani kwenye kilima cha mwingine akisubiri siku ya kupelekwa. Hapigwi, haazimwi, habebeshwi hata kamba. Shangazi ya Maombi alinieleza yote hayo, nami nikatikisa kichwa kabisa. Lakini mimi nimekulia dukani, si zizini, na dukani kitu nilichokilipia ni changu mpaka kitoke mlangoni.

Sasa tuje kwenye filamu. Hapa Kibua kuna mwalimu wa Kifaransa anaitwa Dieumerci, ambaye ana wazimu wa filamu za zamani za majasusi, zile za miaka ya sitini, ambamo mwanaume wa suti ya kubana na tai nyembamba anaruka mto bila kulowana, na kila mwanamke mzuri anamwambia siri za serikali kabla hata ya kumjua jina. Akasema tutengeneze yetu, ya kuzicheka. Akaiita Ajenti Nusu, kwa sababu wakubwa wa huyo jasusi wamekata kila kitu chake nusu: mshahara nusu, miwani ya jicho moja, mwavuli unaovuja. Ana kalamu ya siri ambayo, ukiibonyeza, inaandika. Adui yake anakaa pangoni akipapasa kuku mapajani (katika filamu zile adui lazima apapase kitu) na anataka kuiba siri ya jibini ya Masisi ili dunia nzima ile ya kwake tu. Jasusi mwenyewe ni Fiston, kinyozi wetu, kilo tisini na mbili. Nilimpima mara mbili kwenye mizani ya maharagwe.

Mimi nilikuwa mtu wa kupunguza bei. Suti ya Fiston niliiazima kwa mwanakwaya mmoja mwembamba (ilipasuka mgongoni siku ya kwanza). Pango nililipata bure. Ikabaki ile sehemu ya kufukuzana: adui anatoroka kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea magunia, anateremka kilima na kuku wake mbele, na jasusi anapaswa kumkimbiza na gari. Mwenye jeep ya pale Masisi nilimteremsha bei mara nne. Mara ya tano akapanda jeep yake akaenda, na mimi nikiwa bado nimeshika kichwa.

Tukabaki tumesimama kwenye majani ya kilima cha yule mchungaji aliyeniuzia ng'ombe, jua linakwenda. Nikaangalia upande wa pili wa kilima, nikamuona Gaju anakula zake.

"Na ngombe?" nikasema.

Maneno mawili. Niliyahesabu baadaye. Dieumerci alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, weye uko na kichwa! Jasusi juu ya ngombe! Hiyo hata Wazungu habajafanyaka!"

Tulimtumia siku mbili. Siku ya pili, Fiston juu yake na mwavuli mkononi, Gaju alitembea hatua sita (nilihesabu, halafu tukaangalia kwenye kompyuta, ni sita) akapiga magoti, akalala, akaanza kucheua. Fiston alimgusagusa na mwavuli kama mtu anayebisha mlango wa padri. Nami, kwa kuona mwanga unakwisha na kesho nitalazimika kulisha tena watu kumi na mmoja, nikapiga kelele nyuma ya kamera: "Mupige tu! Hii ngombe iko yangu, nilishamulipia!"

Sauti ile iliingia kwenye filamu. Nilimwomba Dieumerci aikate. Akasema hapana, njo kitu cha kuchekesha kuliko vyote. Nikaacha, maana filamu ingeonyeshwa Kibua, na watu wa hapa ni wa msitu, wa mihogo na mitego, ng'ombe kwao ni mgeni tu. Nyamitaba iko mbali. Nani angeenda kusema?

Jumapili, baada ya Misa, tukaziba madirisha ya ukumbi wa parokia, ile sale yetu, kwa mashiti. Mlangoni nilihesabu watu mia mbili na kumi na wanne, ndani nikahesabu mia mbili na kumi na sita (wawili waliingia kwa dirisha). Filamu ikaanza, watu wakaanza kucheka tangu jina, nami nikasimama ukutani nimejaa kama gunia.

Dakika ya sita mlango ukafunguka. Mwanga ukaingia, na ndani ya mwanga nikaona kofia ninayoijua.

Papa Maombi. Nyuma yake shangazi.

Walikuwa wamekuja, bila kutuma neno, kuangalia nyumba ambamo binti yao atakaa. Njo namna yao, wanakuja siku hujafagia. Dukani wakakuta mlango umefungwa, jirani akawaambia kwa furaha, "Kambale iko mu sale, banaonyesha filme yake!" Na mlinzi wa mlango, kwa kuniheshimu mimi, akawapeleka mbele kabisa, akamkalisha mukwe wangu kwenye kiti cha katekista, chenye mikono.

Niliangalia saa. Gaju anaingia dakika ya ishirini na saba. Nilikuwa na dakika ishirini na moja. Nikahesabu tena, zikawa ishirini.

Nikaenda nimeinama mpaka kwenye kiti chake. "Karibu, Papa. Twende nyumbani, mupumuzike, chai iko."

"Ngoja kwanza," akasema bila kunitazama. "Huyu muntu ya kuku ananifurahisha."

Na alikuwa anacheka, jamani! Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Miezi minane namjua, sikuwa nimewahi kuona meno yake, na siku hiyo nikayaona, mazuri, yote yapo. Shangazi alikuwa anafuta macho na kitenge. Kama angekasirika tangu mwanzo ningevumilia, lakini kumuona anaipenda filamu yangu, na mimi najua kinachokuja nyuma ya kile kilima cha kwenye ukuta, hilo lilinishinda.

Dakika ya kumi na tano nilifika kwa Dieumerci, kwenye kompyuta. "Ruka pale pa ngombe."

"Niruke? Pale njo filme yenyewe!"

"Dieumerci, ona nani iko mbele."

Akaona. Akamjua, maana alikuwepo siku ya kumpa ng'ombe jina, alikuwa shahidi wangu. Uso ukamshuka. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, halafu akaninong'oneza kwamba filamu yote ni kipande kimoja, akiigusa inaweza kuanza tena mwanzo. "Na bantu balilipa, Kambale. Batatuvunja."

Dakika ya ishirini na mbili nilitoka nje, nikafunga mafuta ya jenereta.

Giza. Kelele. Miluzi. Mtu akapiga bati la mlango, "Murudishe! Murudishe!" Nikasimama pembeni nikijifanya naikagua mashine, nikiomba kwa watakatifu wote ninaowajua kwamba Papa Maombi achoke. Badala yake Fiston alitoka mbio, bado amevaa suti ya kupasuka (alitaka watu wamjue), akaangalia mara moja tu, akasema, "Mafuta ilijifunga!" akafungua, akavuta kamba. Mashine ikawaka mara ya kwanza. Siku zote inawaka mara ya saba.

Na kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, kompyuta ilirudi nyuma, Dieumerci akaanzia dakika ya kumi na nane. Kwa hiyo ile njia yangu yote ya kuelekea aibu nilipewa kuitembea mara ya pili, na sasa waliokuwa nje wameingia pia, na milango imejaa.

Ishirini na tano. Ishirini na sita. Adui anapanda chukudu, kuku chini ya kwapa. Jasusi anatoka, anatazama kulia, anatazama kushoto, anatafuta gari. Watu tayari wanacheka. Mimi sikuamua kitu, ni miguu ilinipeleka: nikaenda nikasimama mbele ya projekta.

Kivuli changu kikajaa ukuta. "Toka! Weye muntu, ikala chini!" Mtu akanirushia ganda la karanga. Nikakaza macho, mikono wazi kama mtu anayezuia mbuzi wasitoke, mwanga unanichoma usoni, na ghafla kelele zikageuka kicheko kikubwa ambacho sijasikia kingine. Nikaangalia kifua changu. Gaju alikuwa pale. Alama nyeupe, pembe iliyoinama, na Fiston juu yake na mwavuli, wote wanatembea taratibu juu ya shati langu jeupe la Misa, na kichwa cha Gaju kiko sawasawa juu ya moyo.

"Ngombe inamutembelea Kambale!" mama mmoja akapiga kelele, na shati hilo sitalivaa tena Misa, watu wangemtafuta ng'ombe kifuani.

Na katikati ya kicheko, ile sauti ambayo haiongei sana, polepole: "Toka mbele, mutoto wangu. Nione ngombe yangu muzuri."

Nikatoka. Ningefanya nini, nikatoka.

Akaziona hatua zote sita. Akaona magoti, akaona mwavuli. Halafu ikatoka, kubwa, kwenye spika mbili nilizopunguziwa bei nusu: "Mupige tu! Hii ngombe iko yangu, nilishamulipia!" Sale nzima ikaanguka. Watu walikuwa wanapigana migongo. Mbele kabisa watu wawili tu hawakucheka, kofia moja na kitenge kimoja.

Alikaa mpaka mwisho. Alingoja hata majina yapite. Halafu akatoka nje, nami nyuma yake, akasimama karibu na jenereta.

"Hii filme," akasema, "bale bote balicheza, mulibalipa?"

"Ndiyo, Papa. Bote kumi na mmoja."

"Na Gaju?"

Nikahesabu tena wale kumi na mmoja.

"Kama ngombe iko yako, vile ulisema pale ndani, basi haujaniletea ngombe ya tatu, na binti yangu hatoke nyumbani. Kama iko yangu, ulitumikisha muntu wangu siku mbili, akapigwa, na haukumulipa. Chagua."

"Iko yenu, Papa. Munisamehe."

"Basi umulipe. Siku ya posho, Jumamosi."

"Bei gani, Papa?"

Akaweka kofia vizuri. "Utataja weye."

Akapanda pikipiki, shangazi nyuma, wakaenda bila kuangalia nyumba. Kesho yake nilipeleka mbuzi, akarudishwa. Jioni Maombi akanipigia simu, sauti ndogo, nadhani alikuwa nyuma ya jiko. "Kambale, unisikilize. Hapana bishana na Papa. Hata kidogo. Ukitaja kidogo, atasema unadharau ngombe. Ukitaja mingi, atasema unajua umefanya mubaya sana, na atakataa. Ananiuliza kila saa kama nakupenda. Nimemwambia ndiyo mara mbili. Ya tatu sijui." Akakata.

Sasa ni Jumatano. Nimekwisha kuapa mbele ya Dieumerci kwamba kitu kilichopewa jina na mtu mwingine sitakigusa tena, hata kikisimama mlangoni kwangu. Lakini kiapo hakinipi bei. Nimeuliza Fiston yeye alilipwa nini: sabuni sita na chakula. Halafu Kibua nzima inasema Gaju alicheza vizuri kuliko yeye, hata yeye mwenyewe anakubali.

Kwa hiyo ninyi mulio na ng'ombe, Nyamitaba, Masisi, popote pale, munisaidie kabla ya Jumamosi: ng'ombe akicheza filamu siku mbili, hatua sita, akaanguka magoti mara moja, analipwa ngapi? Munitajie ninyi kwanza. Naahidi sitashtuka.