Ukurasa wa Yago

Nilipokuwa darasa la tatu, mbuzi wa mama alikula daftari langu la hesabu. Mwalimu hakuniamini, akasema nimlete huyo mbuzi atoe ushahidi. Nikamleta kwa kamba, na mbele ya darasa zima akala chaki. Nikachapwa mimi. Mama alisema kama shule imefikia kuhoji mbuzi, basi nikae nyumbani nichunge. Elimu yangu iliishia hapo. Siombi huruma. Nasema tu kwamba tangu siku ile najua karatasi huliwa, na ndiyo sababu riwaya yangu ya kwanza niliiweka ndani ya mkebe wa biskuti: madaftari sita, mwandiko wa mtoto.

Vijana wanaotaka kuandika huniuliza hadithi hutoka wapi. Ile ilitoka Macalder, kwenye mashimo ya dhahabu. Nilichimba huko na rafiki yangu mmoja. Siku moja kamba ya ndoo ilimkata nusu ya kidole cha shahada. Alicheka, kicheko chake kile kama kikohozi, akasema afadhali, hicho ndicho alicholaumiwa kuwasonta watu nacho.

Baadaye aliacha mashimo, akajifunza taipu, akaweka meza sokoni Rodi Kopany akiwaandikia watu barua. Ndiye aliyekubali kunichapia riwaya, na hakuna mwingine aliyekuwa ameisoma. Nilikaa kando yake juu ya kreti ya soda, nikisikiliza maneno yangu yakigongwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, na barua zilikuwa zimepungua. Alikuwa ameniambia kwamba Jumatatu anarudi shimoni, na mvua ilikuwa inanyesha kila siku, udongo umelegea. Nilijua. Hilo sitaki kulificha.

Ijumaa mashine ikanyamaza katikati ya mstari. Alikuwa amefika pale mchimbaji wa riwaya yangu anapofukiwa na udongo, mwili haupatikani, nyumbani wanazika yago. Kwetu Wajaluo, mtu akipotelea ziwani au shimoni, tunachukua yago, lile tunda refu zito la porini, tunalifunika shuka, tunalililia, tunalizika badala yake. Na akija kutokea akiwa mzima, haingii bomani tena. Ameshazikwa.

Akaniuliza, polepole, huyu mtu kidole chake kilikatwa na nini. Nikasema kamba.

"Na anacheka vipi?"

Nikaanza kupanga madaftari ndani ya mkebe.

"Omera, ndugu yangu, umenizika," akasema.

Nikamwambia ni hadithi tu, jina lake halimo. Akasema maiti haitambuliwi kwa jina, hutambuliwa kwa alama. Kisha akanisihi, na hakuwa mtu wa kusihi, niandike ukurasa mwingine, mtu huyo atoke shimoni akiwa na matope masikioni, afike kwao, ale samaki. Mama muuza omena wa meza ya pili aliacha kupima, akatutazama. Akasema kwa upole kwamba mimi nina kalamu, mwenzangu ana Jumatatu, kwa hiyo niandike.

Na mimi nilifanya nini? Nilitetea kitabu. Ule ndio ukurasa bora niliowahi kuandika, na sikutaka kuupoteza.

"Aliyezikiwa yago harudi," nikamwambia. "Wewe mwenyewe unajua. Nikimrudisha, kitabu kitakuwa uongo."

Kwa hiyo mkiniuliza ushauri, ni huu. Chukua kidole cha huyu, kicheko cha yule, mwendo wa mwingine, lakini usimbebe mtu mzima. Na kama umembeba, mwambie kabla hujamchimbia kaburi. Mambo ya sarufi waulizeni waliosoma, mimi nilifukuzishwa na mbuzi.

Niliposema hivyo, rafiki yangu alinitazama. Sikuona hasira, na ingekuwa heri ningeiona. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma. Akafunika mashine kwa karatasi ya nailoni, ukurasa wangu ukiwa bado umo ndani, mstari haujaisha, akamwomba mama wa omena aiangalie isilowe. Nikadhani anafuata chai. Akapita vibanda vya mitumba, akaruka mtaro, akashika barabara ya Rongo bila koti, bila kugeuka. Jumatatu hakufika shimoni. Kwao hakufika. Mezani pale hakurudi tena.