Kwaya ya Kambini kwenye Mashine ya Gemu

Yaya alipiga simu kutoka Columbus wakati ndiyo kwanza narudi kutoka kazini, viatu vikiwa bado miguuni. Yaya ndivyo sisi watu wa milima ya Kivu ya Kusini tunavyomwita ndugu mkubwa, na huyu wangu ni mtu mpole, hata shangwe zake ni za kimya. Siku hiyo alipiga kelele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Kanda inacheza! Unanisikia? Ile kanda ya mama mudogo inacheza!"

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Kanda yenyewe ilikuwa na safari ndefu. Siku ya kufungua kanisa letu kambini, Burundi, kanisa la matofali ya udongo na paa la shitingi, yale maturubai ya plastiki ya wakimbizi, mgeni mmoja alikuja na kamera ya video akarekodi ibada nzima. Alipoondoka aliwaachia wanakwaya nakala, naye mama mdogo wangu, mdogo wake mama, ndiye aliyekabidhiwa aitunze. Kambini hapakuwa na mashine ya kuichezesha. Aliifunga kwenye kipande cha kitenge, akaja nayo mpaka Buffalo, huku Marekani, kisha ikapotea ndani ya nyumba. Sisi sote tuliamini ilitupwa. Alipokuwa anahama nyumba juzijuzi akaikuta chini ya begi la nguo za baridi, akamtumia yaya, kwa sababu Columbus kuna duka linalohamisha kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta.

Kwa wengine ingekuwa kanda tu. Kwetu ilikuwa hukumu inayongojewa. Tangu nipate akili, mama na mama mdogo wamekuwa wakibishana juu ya siku hiyo. Mama anasema ni yeye aliyeongoza ule wimbo mkubwa wa ufunguzi. Mama mdogo anasema ni yeye. Wanapendana sana, wanapigiana simu kila siku, Louisville kwa Buffalo, lakini mazungumzo yakifika hapo joto linapanda.

"Wimbo niliuanzaka mimi," mama husema.

Na kwenye simu unasikia, "Dada, wewe ulikuwa umekaa na mtoto. Sauti ilikuwa yangu."

Jumamosi mimi na mume wangu tuliwasha gari tukaenda Columbus. Yaya alitupokea nje, hata hatujazima injini, ameshika diski ndogo nyeusi ya kuchomeka, ile ambayo duka lilikuwa limewekea kanda, kama mtu aliyebeba yai. Nikamuuliza ameona nini.

"Nimeona watu wanaingia kanisani, nikazima. Nilitaka sana kuendelea, lakini mama aone kwanza. Mimi ni nani nimtangulie mama?"

Tulikula kwake haraka haraka, tukageuza gari. Njia nzima diski ilikuwa kwenye mkoba wangu, na mkoba mapajani. Mume wangu alinitania kwamba nimeukumbatia kuliko nilivyowahi kumkumbatia yeye.

Tulipofika nyumbani kwetu Highview, Louisville, tunakoishi na mama, tulimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba. Alikuwa amekaa sebuleni mbele ya televisheni ambayo haijawashwa, mikono magotini, kama mtu anayengoja ibada ianze. Nilimwambia aje chumbani, kompyuta iko kule mezani. Akaniangalia vibaya.

"Macho yangu unayajua. Niangalie kwaya yangu kama mtu anayechungulia watu kwa dirisha? Weka hapa, kwa kubwa."

Hapo kwa kubwa palikuwa na tatizo. Televisheni yetu ni pana, lakini ni ya zamani, haijui mambo ya diski. Chini yake ilikuwepo mashine ya gemu ya mume wangu. Niseme wazi kwamba mimi na mashine hiyo hatukuwa marafiki. Mume wangu anafanya kazi kwenye ghala kule South End, na akirudi, kabla hata hajanisimulia siku yake ilikuwaje, anakaa nayo kucheza mpira na watu asiowajua, akimfokea mwamuzi ambaye hana masikio. Lakini siku hiyo yeye ndiye aliyesema, "Lete diski. Hii inacheza video pia."

Aliichomeka. Maandishi yakatokea kwenye televisheni. Yeye ana vidole vyepesi, amezoea kubonyeza kabla ya kusoma, ila mimi nilisoma. Mashine ilikuwa inasema itaiandaa diski ili iweze kuitumia, na kila kilichomo kitafutwa.

"Acha!" nilipiga kelele. "Usiguse! Usiguse!"

Alikitupa kidude cha kuchezea juu ya kochi kana kwamba kimemuunguza. Mama akasimama. "Imekufa?"

"Haijafa, mama," mume wangu akasema, jasho likimtoka. "Ilitaka kufa."

Tulichomoa diski, tukampigia yaya, tukaiweka simu kwenye spika juu ya meza.

"Bon, sikieni," alisema. Kazi yake ni kwenye ghala kama mume wangu, lakini kompyuta huwa anazifungua na kuzifunga kwa raha zake. "Diski iende kwa kompyuta. Isitoke tena pale. Kompyuta na gemu vinatumia intaneti moja ya nyumba, hapana? Donc, basi, vinaweza kuongea. Kompyuta inabaki chumbani na kanda yake, inatuma picha kwa hewa, gemu inapokea, televisheni inaonyesha."

"Kwa hewa?" mama akauliza.

"Kwa hewa, mama. Kama redio."

Maneno hayo yalimtosha. Mimi nilikwenda chumbani na simu, yaya akanielekeza kuweka programu inayofanya kazi hiyo, nikaionyesha folda ya kanda. Kompyuta iliniuliza jambo moja, nikabonyeza hapana, kwa sababu mimi kila kompyuta inaponiuliza kitu hujibu hapana. Kisha nikapaza sauti, "Unaona?"

"Sioni kitu!" mume wangu akajibu kutoka sebuleni.

Tukazima, tukawasha. Bado. Nilikimbia sebuleni, nikarudi chumbani, nikakimbia tena. Mama aligeuza shingo kunifuata kila nilipopita, na mwishoni akaanza kucheka. Yaya aliuliza gemu imeunganishwa kwenye intaneti ipi. Mume wangu akasoma jina kwa sauti. Nikalitambua. Ilikuwa ile ya pembeni niliyoifungua mwenyewe kwa ajili ya wageni, ili wasitumie yetu. Kumbe mume wangu siku zote anacheza mpira kama mgeni ndani ya nyumba yake. Tulicheka mpaka yaya akatukemea kwamba tunamfanya akose kuelewa. Tukaihamishia kwenye yetu.

Bado.

"Kompyuta haikukuuliza ruhusa?" yaya akasema.

Niliangalia zulia.

"Dada. Ilikuuliza ruhusa?"

"Iliniuliza."

"Ukasema nini?"

Basi nikaenda kusema ndiyo. Kabla sijatoka chumbani nilisikia mume wangu akipiga yowe ambalo huwa analitoa timu yake ikifunga bao. Nilipofika sebuleni, jina la kompyuta yetu lilikuwa limeandikwa kwenye televisheni, peupe, katikati ya kioo. Alilibonyeza, folda ikafunguka. Kanda ikawa pale, picha ndogo ya mlango wa kanisa. Nilimrukia shingoni. Sijui mtu mwingine anafurahia nini duniani, lakini mimi niliona jina la kompyuta kwenye televisheni na nikaruka kama mtoto.

Kanda yenyewe ilikataa kucheza mara ya kwanza. Mashine ilisema haiijui aina hiyo ya video. Yaya akasema hilo ni dogo, kompyuta itaibadilisha iwe aina inayojulikana, ila itachukua muda. Nikaiacha ibadilishe, nikaenda jikoni kupasha sombe, yale majani ya muhogo, na kupika wali. Hakuna aliyekula vizuri. Mama alishika sahani tu.

Ilipokuwa tayari, mume wangu alibonyeza, na lile kanisa likajaa ukuta wetu.

Niliona mlango wa mbao mbichi, na vumbi jekundu. Watu wakaingia kwa mistari miwili, wanawake kulia, wanaume kushoto, wakiyumba taratibu, midomo ikifunguka na kufungika. Lakini hapakuwa na sauti. Mume wangu alipandisha sauti ya televisheni mpaka mwisho. Kimya.

"Sauti imebaki kwa kompyuta," alisema kwa huzuni.

Kabla yaya hajajibu, mama alianza kuimba.

Hakuimba kwa nguvu. Aliangalia miguu ya wale watu, akaikamata hatua yao, akaingia na wimbo mahali pale pale walipokuwa. Midomo yao ikawa inasema maneno yake. Aliwaonyesha kwa kidole huku akiimba, na kati ya mstari na mstari akatuambia: huyu alikuwa fundi cherehani, huyu alikuwa na sauti nene kuliko wanaume, huyu alifia njiani, Mungu amlaze. Kwenye simu nilimsikia yaya akiimba sauti ya pili, polepole, peke yake kule Columbus. Mimi sikuweza kuimba. Nilishika tu mkono wa kochi.

Halafu yaya akatuambia tulichokosea, kwamba wakati wa kubadilisha nilipaswa kuchagua na aina ya sauti. Tukarudia kazi. Safari hii mama alikula, akaomba na nyama.

Wakati huo huo mume wangu akasema si haki kuendelea bila mama mdogo. Tukampigia kwa video, nikaiegemeza simu kwenye kikombe ili iangalie televisheni. Akatokea na miwani, nyuma yake maboksi ya kuhama bado hayajafunguliwa.

"Leo ndiyo leo," alisema.

"Leo utanyamaza," mama akamjibu.

Sauti ilikuja. Kwanza mkwaruzo, kisha ngoma, kisha watu wote kwa pamoja, sauti iliyonigonga kifuani. Mama mdogo alipiga vigelegele huko Buffalo vikatufikia vimechelewa kidogo, vikaungana na vigelegele vya kwenye kanda. Ibada ilikwenda, mchungaji akaomba, kisha kwaya ikasimama kwa ule wimbo.

Mwanamke mwembamba alitoka mbele. Alikuwa na shingo ndefu na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa mama yangu. Alifungua kinywa akaanza, sauti safi, haina woga hata kidogo.

"Si munaona!" mama akapiga magoti yake. "Si munaona! Ni mimi!"

Mama mdogo akaisogelea simu yake.

Na hapo, chini ya picha, akatokea mtoto. Alikuwa na gauni lililomzidi, miguu mitupu, anatembea kwa kuyumba kati ya miguu ya wanakwaya. Alifika mbele akashika sketi ya mama akaivuta. Mama aliendelea kuimba, mkono mmoja ukimsukuma nyuma. Mtoto akaketi chini akalia kwa sauti iliyoshinda ngoma. Mama akainama kumbeba, na mstari ukakatika katikati ya neno. Kabla kwaya haijayumba, msichana mmoja kutoka mstari wa pili alipiga hatua mbele, akalidaka neno lile lile lililokatika, akauimba wimbo mpaka mwisho.

"Huyo ni mimi!" mama mdogo alipiga kelele, miwani ikamdondoka. "Huyo ni mimi! Nilisema! Si nilisema?"

"Na mimi nilianzaka!"

"Ulianza! Kweli ulianza, dada! Ulikuwa umebeba mtoto!"

Walikuwa wanacheka na kulia pamoja, kila mmoja amemshinda mwenzake. Mume wangu alikuwa ameshika kichwa. Mimi bado nilikuwa namwangalia yule mtoto mabegani mwa mama, anavuta kitambaa cheupe, ameridhika, makamasi usoni.

"Mama," nikasema, "huyo mtoto ni nani?"

Aligeuka akanishangaa. "Utakuwa nani? Ni wewe."

Sisi hatukutoka kambini na picha. Picha ya kwanza niliyokuwa nayo maishani ni ile ya karatasi za ukimbizi, nimesimama mbele ya ukuta, mkubwa tayari, sicheki. Sikuwahi kujua nilikuwaje nikiwa mdogo, na sikuwahi kufikiri kwamba naweza kujua. Nilimwomba mume wangu arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwona tena akitembea na gauni lake. Akarudisha tena bila kuombwa. Nilipiga magoti mbele ya televisheni nikagusa kioo, mama akaniambia nitakichafua, lakini yeye mwenyewe akaja akapiga magoti karibu yangu.

Wiki zilizofuata nyumba yetu haikukauka watu. Waliokuwa kwenye ile kwaya na waliokuwa na jamaa kwenye ile kwaya walikuja baada ya kanisa, kutoka South End na kwingine, wakitafuta nyuso. Mashine ya gemu ikawa na heshima; mume wangu alilazimika kuomba zamu. Yaya alileta familia yake nzima. Na mama mdogo, aliyekuwa anasema mabasi yanamuumiza mgongo, alipanda basi kutoka Buffalo akaja akakaa nasi. Yeye na mama walikuwa wakisimama bega kwa bega mbele ya televisheni, wakifika kwenye ule wimbo mama anaanza, kisha anamgusa mdogo wake kiwiko naye anapokea.

Aliporudi kwake, yaya alikuwa amemwekea nakala kwenye diski nyingine. Jumapili moja tukiwa mezani simu ikalia. Mama mdogo alikuwa amekaa na mjukuu wake na gemu ya mjukuu, tangu watoke kanisani wanahangaika.

"Jina la kompyuta halionekani," alisema. "Tumezima, tumewasha."

"Kompyuta iliwauliza ruhusa?" nikamuuliza.

Nikasikia akinong'ona na mjukuu, kiti kikisogezwa, miguu ikienda na kurudi. Kisha vigelegele vilivyofanya mume wangu aangushe kijiko.

"Imeonekana!" alilia mama mdogo. "Dada, njoo kwa simu! Imeonekana!"