Roboti Ndani ya Kinywa Changu

Siku munganga wa hospitali ya Goma aliponiambia nitapasuliwa na roboti, nilisimama, nikakaza kitenge kiunoni, nikamwambia binti yangu, “Twende nyumbani.”

Roboti mimi niliijua. Nani wa Goma hakuijua? Ile ya chuma waliyoisimamisha ku rond-point, pale barabara zinapokutana, iongoze magari, ndefu kuliko nyumba ya mbao, inageuza kifua huku na huku na kunyoosha mikono. Mukono kama ule uingie mdomoni mwangu? Tena wamotari, wale wa pikipiki, walikuwa wanaipita bila hata kuitupia jicho.

“Munganga,” nikasema, “kama wamotari hawaiogopi, kansere ndiyo itaiogopa?”

Alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Binti yangu hakucheka. Ni kitinda mimba wangu, anauza vitenge sokoni Birere, na mutu wa Birere hacheki kabla hajajua mwisho wa maneno.

“Mama, ikala,” akasema. “Tumusikilize.”

Ugonjwa wenyewe ulijionyesha wakati wa volkano. Mlima ulikuwa umewaka mara ya tatu machoni pangu, tukakimbia kwa miguu mpaka Sake, godoro kichwani, tukajaa katika uwanja wa kanisa. Pale nilikuwa na kazi yangu. Masomo sina, niliacha katika mwaka wa pili wa primere, lakini jina la mutu likiingia kichwani mwangu halitoki. Jamaa yetu ikikimbia, iwe ni moto, iwe ni waasi, mimi ndiye ninayesimama na kuita: mama kwanza, kisha watoto wake kwa jinsi walivyozaliwa. Asiyeitika, tunarudi kumutafuta. Karatasi hatuna. Karatasi ni mimi.

Siku ile niliita vizuri mpaka nikafika kwa wajukuu wa kaka yangu. Hapo sauti ikazimika kama redio iliyoishiwa mabetri.

“Koko, bibi yetu, ni vumbi ya volkano hiyo,” wale wajukuu wakasema. “Kunywa maji.”

Nikanywa. Maji yakanichoma, na maumivu yakapanda mpaka sikioni. Vumbi ikaisha, miezi ikapita, sikio likaendelea, na chini ya taya pakaota kitu kigumu kama mbegu ya avoka.

Basi nikaketi, tukamusikiliza munganga. Alisema kansere iko kwenye mzizi wa ulimi, kule nyuma ambako kidole hakifiki. Kwa njia ya zamani wangenipasua mdomo na mfupa wa taya, wafungue kama mlango ndipo waifikie, na wengine wakitoka hapo ulimi haufai tena kwa kusema. Lakini kule Inde, kwa Wahindi, kuna mashini inayopita mdomoni mwenyewe, bila kuvunja kitu.

“Ile roboti haina akili yake, mama,” akasema. “Ni vidole vya munganga, ila vimefanywa vidogo.”

Nikamuuliza jambo moja tu: “Nitaweza kuita watu?”

Akasema, “Labda.”

Labda ilinitosha. Watoto wangu wakasaidiana, nami na kitinda mimba wangu tukavuka mupaka kwenda kupanda ndege Kigali. Wiki ile barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa na vita. Kaka yangu na watu wake walikuwa wametoka Rumangabo, kwenye barabara hiyo, mbio, kila mutu na njia yake. Ndani ya ndege sikuwaza kisu. Niliwaza: sasa nani atawaita?

Kule Inde, munganga wangu alikuwa mwanamuke mdogo wa mwili, ungemutuma chumvi kwa jirani kama mtoto. Mwanafunzi mmoja wa Bukavu alitutafsiria. Munganga akanionyesha filamu katika simu kubwa: mikono miwili myembamba kama sindano za kufuma inamenya tunda dogo, inatoa ganda bila kulipasua, kisha inalirudisha na kulishona. Mimi mutu akiweza kumenya haragwe bichi bila kulivunja namuheshimu. Nikapiga makofi.

“Koko, docteur anasema usiogope,” mwanafunzi akaniambia.

“Mwambie siogopi. Mwambie ninataka kuiona yenyewe!”

Wakanionyesha kabla ya kunilaza. Wee! Mikono minne inaning’inia juu, yote imefungwa plastiki kama fotei mpya ambayo mwenyewe hataki ikaliwe. Pembeni kisanduku, na yule mwanamuke mdogo akachungulia ndani yake kama anayeangalia kama wali umeiva. Akatikisa vidole tu, na mkono wa chuma upande wa pili ukanipungia! Nami nikaupungia. Nililala usingizi wao nikiwa bado nacheka.

Nilipoamka, nilijipapasa taya. Nzima. Mdomo, mzima. Shingoni walikuwa wamepasua pembeni kutoa ile mbegu ya chini ya taya, na puani mlipita mpira wa kunilisha. Kusema, marufuku. Kila asubuhi kaka yangu alipiga simu kutoka shule walikojificha.

“Amesema?”

“Bado, mujomba,” binti yangu anajibu.

“Huku tuko wengi, hatujui nani hayuko. Kila mutu anahesabu wake tu.”

Nami nilikuwa kitandani na majina yote yamenijaa kinywani, sina pa kuyatolea.

Halafu asubuhi moja wakatoa mpira. Wakanipa uji mzito, nikaumeza polepole, ukashuka. Munganga akasema niseme neno lolote. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa mara ya kwanza. Nikavuta pumzi, nikasema jina la kwetu: Rutshuru.

Ikatoka “Lutshulu.”

Nikajaribu tena. “Lutshulu.”

Binti yangu akashika kichwa. “Mama! Wamekutoa kansere, wamekuwekea Lingala!”

Nilicheka, ikauma, nikacheka tena, maana kicheko kilikuwa na sauti. Sauti yangu! Nzito, imevaa koti, lakini yangu. Munganga akauliza kuna nini, na yule mwanafunzi akahangaika kumueleza Kinshasa iko wapi, kule wanakosema Lingala na kila r inakuwa l.

Simu ikalia. Binti yangu akaifungua kwa sauti ya juu, akaiweka karibu na mdomo wangu.

“Kaka,” nikasema, “panga watu.”

“Nani huyo?”

“Dada yako. Panga watu, ninaanza na mama wakubwa.”

Nikaanza. Kila jina lenye r likatoka na l, na kule mbali wanacheka, lakini wanaitika: “Niko!” “Niko!” Mmoja hakuitika. Nikamuita mara ya pili, mpaka mutu akapiga kelele, “Huyo alienda kuchota maji, anarudi!”

Munganga alikuwa bado amesimama na taa yake ndogo, anangoja nifungue kinywa atazame kazi yake. Binti yangu akamuvutia kiti.

“Docteur, ikala kwanza,” akamwambia. “Jamaa yetu ni kubwa.”